Milioni 68 za hom theta, na chumba hakina hata zulia

Swali: Kaka mtaalamu, habari za kazi. Namalizia nyumba yangu Goba, Dar es Salaam, na nimetenga chumba kimoja cha kuangalia sinema na mpira. Ni mita 6 kwa 4.5, kimo mita 3, chini marumaru, juu jipsamu ambayo fundi bado hajaifunga. Televisheni itakaa ukuta mfupi, sofa za ngozi zitaegemea ukuta wa nyuma. Tunaangalia Netflix, mpira wa kwenye king'amuzi, na mke wangu anapenda tamthiliya za Kituruki za Kiswahili. Duka moja limenipigia hesabu ya hom theta ya shilingi milioni 68, karatasi nimekuambatishia. Mke wangu anasema ni kutupa hela. Mimi nina miaka 52, tangu ujana napenda sauti nzuri, najiuliza nitajinyima mpaka lini? Je, vitu hivi vina thamani ya pesa hiyo, au tunalipia jina?

Jibu: Kaka, kazi ni njema, na hongera kwa kuifikisha nyumba kwenye dari. Karatasi yako nimeisoma mara tatu. Risiva, ile mashine inayopokea sauti na kuzisukuma spika, milioni 9.5. Spika mbili kubwa za mbele milioni 22. Senta, spika ya katikati inayobeba maneno, milioni 8. Saraundi nne, yaani spika za pembeni na nyuma, na spika nne za darini milioni 14. Sabufa moja milioni 7. Nyaya pamoja na kile walichokiita kisafisha umeme, milioni 7.5. Hesabu yao imekaa sawa, ni milioni 68 kamili. Nilichokuwa nakitafuta ndicho sikukiona: hakuna hata shilingi moja ya chumba. Hakuna zulia, hakuna pazia, hakuna kitu cha ukutani, hakuna hata siku moja ya fundi kukaa na kipaza sauti akapima.

Jibu nakupa mapema halafu nitaeleza. Usinunue mzigo huo. Vifaa vyenyewe si vibaya, vingine ningefurahi kuwa navyo nyumbani kwangu. Ila kwa chumba ulichonielezea, milioni 17 au 18 zikigawanywa kwa akili zitatoa sauti nzuri kuliko hizo 68. Shemeji yuko sawa kwenye hesabu. Na wewe uko sawa kutaka sauti nzuri, maana mtu aliyefanya kazi miaka yote hiyo ana haki ya kukaa kwake jioni akasikia vizuri.

Leo jioni mafundi wakishaondoka, ingia kwenye chumba hicho, simama katikati, piga kofi moja kali. Usikilize kinachofuata. Baada ya kofi lako utasikia mlio wa trrrr unaokimbia ukuta hadi ukuta kabla haujafa. Hiyo ndiyo sauti ya chumba chako, na kila spika utakayoiingiza humo, ya laki mbili au ya milioni ishirini, itapitia humo humo kabla haijafika sikioni. Mtu wa kwenye sinema akitamka neno, silabi ya kwanza inakuwa bado inazunguka kwenye marumaru na plasta wakati ya pili imeshatoka. Watu wanaongeza sauti wakidhani wataelewa maneno, na chumba nacho kinaongeza mrindimo wake kwa kiasi kile kile.

Jambo hili lina zaidi ya miaka mia na ishirini tangu lipatiwe hesabu. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la makumbusho la Fogg, na wanafunzi hawakuwa wakielewa mwalimu anasema nini. Kazi ya kutafuta dawa akapewa mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine. Neno moja lilikuwa likidumu ukumbini kwa sekunde kama tano na nusu. Sabine akawa anafanya kazi usiku, mji ukiwa umetulia, akiwa na filimbi ya kinanda na saa ya kupimia. Alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, Sanders Theatre, akaipanga kwenye ukumbi huu, akapima, akaongeza mingine, akapima tena. Kabla alfajiri haijafika mito ilibidi irudi kwake. Kutokana na mito ile tulipata kanuni tunayoitumia hadi leo: chukua ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, zidisha kwa 0.161, gawanya kwa jumla ya uwezo wa kumeza sauti wa vitu vyote vilivyomo humo ndani. Unapata sekunde ambazo sauti inachukua kufifia.

Tuweke chumba chako kwenye kanuni hiyo. Ujazo wake ni mita za ujazo 81. Kuta, sakafu na dari kwa pamoja ni mita za mraba 117, na marumaru na plasta vinameza kidogo mno, tuseme asilimia nne ya sauti inayovigonga. Kikiwa kitupu, sauti itadumu karibu sekunde mbili na nusu au zaidi. Weka sofa za ngozi na watu wanne, itashuka hadi sekunde moja na robo hivi. Chumba cha sinema cha nyumbani kinatakiwa kiwe karibu na nusu sekunde, na wengi wetu tunapenda kishuke kidogo chini ya hapo. Sasa ingiza zulia la mita 3 kwa 4 mbele ya sofa, mapazia mazito yenye mikunjo kama mita za mraba 12, na paneli kumi za kumeza sauti za sentimita 120 kwa 60. Unatua kwenye nusu sekunde. Vitu vyote hivyo ukitumia fundi makochi na seremala wa mtaani haviwezi kuzidi milioni tatu, na zulia zuri likiwemo.

Nikupe niliyoyaona kwa macho. Niliitwa nyumba moja Mikocheni, mwenyewe alikuwa amefunga mtambo wa thamani ya magari mawili, na malalamiko yake yalikuwa mepesi: filamu inapiga kelele lakini haisemi. Alikuwa tayari kubadilisha senta, aweke ya bei mara mbili. Nikamwomba tusubiri dakika ishirini. Tulitoa magodoro matatu vyumbani, mawili tukayasimamisha kwenye kuta za pembeni, kulia na kushoto mwa mahali anapokaa, la tatu nyuma ya sofa. Kwenye marumaru tukatandika mablanketi. Kisha tukarudisha tukio lile lile la filamu ambalo tulikuwa tumeliangalia mwanzo, sauti ikiwa namba ile ile kwenye risiva. Mama yake mzazi alikuwa amekaa kiti cha pembeni anachambua mchele, hakuwa akifuatilia habari zetu. Akainua kichwa akasema, "Sasa ndiyo nasikia wanaongea nini." Senta haikubadilishwa. Tulichonunua wiki ile ni mbao, kitambaa na pamba ya mawe.

Kwa paneli zako, pamba ya mawe au ya kioo, ile inayofungwa kwenye mabomba ya viwandani kuzuia joto, ndiyo kifaa sahihi. Tafuta unene wa sentimita 10, iwekwe kwenye fremu ya mbao, ivalishwe kitambaa kinachopitisha hewa. Ukiweka kitambaa mdomoni ukapuliza na pumzi ikapita, kinafaa. Fundi avae barakoa na glavu wakati wa kuikata, vumbi lake linawasha. Sufi yetu ya kwenye magodoro ya zamani nayo inameza sauti vizuri, nimeshaitumia, ila kwa unyevu wa Dar inataka ikaushwe vizuri na ukuta usiwe na maji, la sivyo itaota ukungu. Na trei za mayai, kaka, achana nazo kabisa. Nimeona studio nyingi zimebandikwa trei ukuta mzima. Karatasi ile ni nyembamba mno, inagusa sauti nyembamba kidogo tu na kuiacha iliyobaki kama ilivyo, na juu ya yote inashika moto haraka.

Mahali pa kuzitundika hapahitaji mtaalamu. Wewe kaa kwenye sofa, mtoto ashike kioo, akitelezeshe ukutani kwa usawa wa kichwa chako. Pale ambapo unaiona spika ya mbele ndani ya kioo, ndipo sauti yake inapodunda kuja kwako. Weka alama ya penseli. Hapo ndipo paneli za kwanza zinakaa, kulia na kushoto, zikifuatiwa na ukuta wa nyuma.

Besi ni habari nyingine, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwenye besi ndiko pesa nyingi zinakopotea bila mtu kujua. Sauti ya chini ina mawimbi marefu, na mawimbi marefu yakikutana na kuta sambamba yanajirundika kwenye masafa fulani. Kwa joto letu sauti inakwenda karibu mita 347 kwa sekunde. Urefu wa chumba chako ni mita 6, basi mrundikano wa kwanza uko hezi 29, yaani mitetemo 29 kwa sekunde, na wa pili uko hezi 58. Kimo chako ni mita 3, mrundikano wake wa kwanza uko wapi? Hezi 58 vilevile. Urefu ni mara mbili kamili ya kimo, ndiyo maana viwili hivyo vinapandiana. Kila mlio wa ngoma au injini unaopita kwenye hezi 58 utavimba na kuvuma, na mwenye duka atakwambia hiyo ndiyo besi nzito. Siyo. Besi nzito inapiga na kuacha. Hii inapiga na kung'ang'ania.

Na sofa umeipanga kuegemea ukuta wa nyuma, mahali ambapo kila mrundikano una nguvu zote. Ivute mbele mita moja na nusu. Kwa hesabu ya mita 6, hapo ndipo ule mrundikano wa pili wa urefu unapokuwa hauna kitu, na wa kwanza unakuwa umepungua. Hujatoa shilingi, na umepata mabadiliko ambayo hakuna sabufa ya milioni 7 inayoweza kukupa ukiwa umeegemea ukuta. Nyuma ya sofa patabaki nafasi nzuri tu ya kupita au ya meza ya vinywaji.

Jingine kuhusu besi: badala ya sabufa moja ya milioni 7, nunua mbili za milioni mbili mbili. Moja ikae katikati ya ukuta wa mbele, nyingine katikati ya ukuta wa nyuma. Zikipiga pamoja kutoka pande zinazotazamana, ule mrundikano wa kwanza wa urefu zinaubatilisha zenyewe, na wewe na shemeji mtasikia besi inayofanana hata kama mmekaa ncha mbili za sofa. Sabufa moja, hata iwe ya bei gani, inapiga kutoka sehemu moja, na chumba kitaamua nani apate besi na nani akose.

Sasa spika zenyewe. Usinielewe vibaya, spika zinatofautiana, na tofauti unaisikia. Ila tofauti hiyo haiendi na bei jinsi watu wanavyodhani. Mtu aliyeifanyia kazi hii maisha yake ni Floyd Toole, mwanasayansi wa Kanada, kwanza katika baraza la utafiti la taifa kule kwao, baadaye katika kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman. Yeye na mwenzake Sean Olive walikuwa wakiwakalisha watu mbele ya pazia lisiloonyesha kitu, spika zinabadilishwa nyuma yake, msikilizaji anatoa alama. Tena na tena watu walipenda spika za aina moja: ile ambayo sauti yake inayokuja moja kwa moja iko sawasawa kutoka chini hadi juu, na inayotoka pembeni inapungua taratibu bila mashimo. Mwaka 1994 walichapisha jaribio ambalo nimekuwa nikiwasimulia wateja kwa miaka. Watu walisikiliza spika zile zile mara mbili, mara moja bila kuziona na mara nyingine wakiziona. Kulikuwa na seti ndogo ya bei nafuu ambayo gizani ilipata alama nzuri tu. Ilipoonekana umbo lake, alama zikashuka. Kubwa za kupendeza zikapanda. Masikio yalikuwa ya watu wale wale.

Ndiyo maana nakusihi usinunue spika kwa kuzitazama. Nenda dukani na nyimbo zako mwenyewe unazozijua hadi pumzi ya mwimbaji, taarabu au dansi, chochote ambacho umekisikiliza miaka. Mwombe muuzaji asawazishe ukubwa wa sauti kati ya spika mbili unazolinganisha, kwa sababu inayopiga juu kidogo huonekana nzuri zaidi hata kama siyo. Geuka uangalie ukuta. Mwache abadilishe bila kukwambia ipi ni ipi. Ukishachagua, ndipo uulize bei.

Kuhusu nguvu, usitishwe na wati. Desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti. Spika ya kawaida ya nyumbani inatoa kama desibeli 87 ikipewa wati moja, ukiwa mita moja mbele yake. Ukikaa mita 4 unabaki na 75, na chumba chenyewe kinakuongezea kidogo. Maongezi ya kawaida ya watu wawili ni karibu 60. Kwa wati moja tu tayari uko juu ya maongezi. Wati 100 zinakufikisha 95. Ukitoka wati 100 ukalipia mashine ya wati 200, umeongeza desibeli 3, kitu ambacho utakigundua kwa shida. Ili sikio lako liseme sauti imekuwa mara mbili unahitaji nguvu mara kumi. Risiva ya kawaida ya Denon au Yamaha ya kiwango cha kati inatosha chumba chako na chenji inabaki. Na ukiona redio imeandikwa wati elfu kumi na mbili kwa herufi za dhahabu, geuza nyuma uone kibandiko cha umeme inaokula. Kitu kisichokula umeme wa wati mia mbili hakiwezi kutoa sauti ya wati elfu kumi na mbili.

Nyaya na kisafisha umeme, milioni 7.5. Hapa ndipo nilipoumia zaidi niliposoma karatasi yako. Waya wa spika unahitaji kuwa wa shaba halisi na mnene wa kutosha, basi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule laini wa nyuzi nyingi unaouzwa duka la umeme kwa elfu chache kwa mita, kwa umbali wa mita 10 una ukinzani wa ohimu 0.14 tu kwenda na kurudi. Kwa spika ya ohimu 8 hicho ni kitu kidogo mno, sikio halikioni. Kinachotakiwa ni kukagua usiuziwe aluminiamu iliyopakwa shaba: kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona weupe ndani, rudisha. Mwaka 2007 James Randi, yule Mmarekani aliyejulikana kwa kuwaumbua wadanganyifu, aliahidi dola milioni moja kwa mtu atakayeweza kutofautisha kwa masikio nyaya za spika za maelfu ya dola na nyaya nzuri za kawaida, bila kuziona. Hakuna aliyezichukua.

Umeme wetu ndio unaotaka uangalizi wa kweli, lakini siyo wa aina waliyokuuzia. Volti zinapanda na kushuka, na umeme ukirudi baada ya kukatika huja na kishindo. Unachohitaji ni stabilaiza nzuri yenye kuchelewesha kuwasha kwa dakika chache, kinga ya mshindo wa radi, na ethi iliyofungwa kweli ardhini, ipimwe mbele yako. Masika ikianza kunguruma, chomoa plagi, na usisahau waya wa dishi, maana radi nyingi huingilia huko. Jumla yake haifiki milioni moja. Na mtu akikuletea kifaa kutoka Marekani, soma kwanza nyuma kama kimeandikwa volti 120 peke yake. Nimeshazika vingi vya namna hiyo.

Kuna swali ambalo duka halikukuuliza: utapiga nini humo? Dolby Atmos, mfumo wa spika za darini, uliingia majumba ya sinema mwaka 2012 na nyumbani mwaka 2014, na ukiusikia kwenye diski ya Blu-ray kwa kweli unafurahisha. Mvua inanyesha juu yako. Netflix nao wanatoa Atmos, ila imebanwa hadi kilobiti 768 kwa sekunde kwa juu kabisa, na siyo filamu zote zinayo. Mpira na tamthiliya za king'amuzi kwa sehemu kubwa ni sauti ya spika mbili. Kwa hiyo kwa saa nyingi za wiki, spika zako nane za milioni 14 zitakuwa zikigawana sauti iliyotengenezwa kwa spika mbili. Tamthiliya za shemeji zinategemea kitu kimoja, maneno yasikike, na hiyo ni kazi ya senta nzuri ndani ya chumba tulivu. Ningeanza na spika tano na sabufa mbili. Zile nne za darini ziandalie njia tu, utakuja kuziweka ukiona unazitamani.

Tena kuna umri, naomba niuseme kwa heshima kwa sababu na mimi niko njia hiyo hiyo. Mtoto anasikia hadi karibu hezi elfu ishirini. Kwa miaka hamsini na kitu, wengi wetu tunaishia kati ya elfu kumi na mbili na elfu kumi na nne. Spika inayotangazwa kufika hezi elfu arobaini inauza kitu ambacho hata mjukuu wako hatakisikia.

Sasa, ni lini pesa nyingi zinastahili? Zipo nyumba ambazo nimewaambia wenyewe waongeze. Chumba kikiwa kikubwa mara mbili ya chako, kimetengwa kwa kazi hiyo, kimeshatibiwa na kupimwa, na mwenyewe anaketi humo kila siku kusikiliza, basi spika zinazoweza kupiga kwa nguvu bila kukaza koo, na besi inayoshuka hadi hezi 16 au 18 ambayo unaihisi kifuani kabla ya sikioni, zina thamani yake. Vichakataji vya sauti kama vya kampuni ya Trinnov ya Ufaransa, vinavyouzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, vinafanya kazi ambayo risiva ya kawaida haiwezi. Ila hata hapo kila hatua unalipa zaidi kupata kidogo zaidi, na kuanzia mahali fulani unalipia mbao, rangi ya piano na jina. Kama unaipenda mbao hiyo na hela ni ya ziada, nunua kwa amani, fahari ya nyumba ni kitu halali. Naomba tu uijue kwa jina lake unapoilipia.

Usikubali pia mtu akuambie ni uwekezaji. Richmond, Virginia, aliishi mzee Ken Fritz, ambaye kwa miongo kadhaa alijijengea nyumbani mtambo wa muziki uliomgharimu takribani dola milioni moja. Spika zilikuwa ndefu kuliko mtu, kifaa cha kupigia santuri alikibuni mwenyewe, na sebule aliipanua ikawa ukumbi wa kusikilizia. Alijua anachofanya, kwa sababu aliutengeneza ukumbi kwanza. Alifariki mwaka 2022, na vitu vile vilipouzwa kwa mnada zilipatikana dola kama 157,000. Namheshimu mzee yule, alipata alichokitafuta akiwa hai. Lakini warithi walipata sehemu chini ya moja ya sita. Kwako itakuwa hivyo hivyo: risiva itapitwa na viwango vya HDMI, ule waya wa picha na sauti, ndani ya miaka kumi, spika zitadumu zaidi, hasa zenye ukingo wa mpira. Zenye ukingo wa sponji, hewa yetu ya pwani inausaga ukawa unga.

Kwa hiyo mimi ningeigawa hivi: chumba milioni 3, spika za mbele na senta ya toleo hilo hilo milioni 5, saraundi mbili milioni 1.2; sabufa mbili milioni 4; risiva milioni 3; waya, stabilaiza na ethi milioni 1.2. Hizo ni 17.4. Ongeza kipaza sauti cha kupimia cha USB, dola kama mia moja hivi, na programu ya kompyuta ya kupima sauti ya chumba, Room EQ Wizard, ambayo ni ya bure. Fundi atakayekuja kufunga, mwambie kabisa hutamlipa salio mpaka akuonyeshe mchoro wa besi mahali unapokaa, kabla na baada ya kurekebisha. Anayejua kazi atafurahi kuulizwa.

Kinachokimbizana na muda ni dari. Kabla fundi jipsamu hajafunga, pitisha mabomba ya inchi moja kutoka ukuta wa televisheni hadi pembe nne za darini, ubavuni mwa sofa pande zote mbili, na katikati ya ukuta wa nyuma kwa ile sabufa ya pili. Mabomba yawe matupu na kamba ya kuvutia waya ndani, na kila ncha iandikwe kwa kalamu ya wino inakokwenda. Piga picha kuta zote kabla hazijafunikwa, futi kamba ikionekana kwenye picha. Ukishafanya hilo, nitumie picha hizo pamoja na mahali dirisha na mlango vilipo, nitakuchorea paneli kumi zinakaa wapi.